Bebishoo

Bebishoo ni jina linalotumika nchini Tanzania kwa kitambaa laini chenye joto cha kumfunika au kumzungushia mtoto mchanga, hasa katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Neno limetoholewa kutoka Kiingereza "baby shawl", maana yake shali ya mtoto. Ni neno la sokoni na la kliniki kuliko la kamusi, kwa hiyo tahajia yake haijatulia: wengine huandika bebi shoo kwa maneno mawili, wengine bebishoo kwa neno moja, na kwenye mabango ya maduka huonekana mara kwa mara umbo la Kiingereza "baby show", ambalo lina maana tofauti kabisa.

Makala hii inahusu asili ya neno hilo, na namna linavyoishi pamoja na majina ya zamani zaidi ya nguo za watoto, hasa mbeleko, katika wilaya za Handeni na Korogwe, Mkoa wa Tanga. Kwa Kiswahili cha sehemu nyingine za Tanzania Bara mambo hayatofautiani sana.

Kitu chenyewe

Bebishoo ya kawaida ni kipande cha kitambaa chenye manyoya mafupi, siku hizi mara nyingi cha polista, cha mraba au kinachokaribia mraba. Nyingi zina pembe moja iliyoshonwa kama kofia, ambayo huvikwa kichwani mwa mtoto kabla ya kukunja pembe zilizobaki mwilini. Kuna za kufumwa kwa uzi wa sufu au akriliki, ambazo ndizo zilizo karibu zaidi na maana ya asili ya neno.

Tofauti ya bebishoo na blanketi ni ukubwa na unene. Tofauti yake na taulo ni kazi. Tofauti na kanga ni kwamba kanga ni ya mama kwanza na ya mtoto baadaye, lakini bebishoo ni ya mtoto tangu ilipokuwa dukani. Wala haitumiki kubebea. Mtoto aliyefungwa ndani ya bebishoo hushikwa mikononi, na akitakiwa kwenda mgongoni hutafutwa kitambaa kingine.

Katika sarufi neno limeingia ngeli ya I-/ZI- bila kubadilika: bebishoo hii imelowa, bebishoo hizi ni mbili. Ngeli hiyo ndiyo inayopokea maneno mengi ya kigeni yasiyo na kiambishi kinachofanana na cha Kiswahili. Maneno yaliyopata bahati ya kuanza na sauti inayofanana na kiambishi hupangwa kwingine, kama kitabu/vitabu kutoka Kiarabu, au kiplefti/viplefti kutoka maneno ya Kiingereza yanayomwambia dereva akae kushoto.

Sehemu mbili za neno

Kiingereza huunda maneno mengi kwa kuweka nomino mbili pamoja, ya kwanza ikiieleza ya pili. Kiswahili kinafanya kinyume: linalotajwa kwanza ni jambo lenyewe, kisha maelezo yake. Mzungumzaji wa Kiswahili anayetafsiri "baby shawl" atasema shali ya mtoto, na atageuza mpangilio. Lakini neno likikopwa zima, mpangilio wa Kiingereza hubaki ndani yake kama mfupa usioonekana. Ndivyo ilivyo kwa futiboli, ambamo mguu umetangulia mpira. Ndiyo sababu bebishoo haigawanyiki kwa Kiswahili. Hakuna "shoo ya bebi", na anayeijua bebishoo si lazima ajue shoo ni nini.

Sehemu ya kwanza haina matatizo. "Baby" ni neno la Kiingereza cha karne za kati, na asili yake inadhaniwa kuwa ni sauti za mtoto mwenyewe anayejaribu kusema, kama ilivyo kwa mama na baba katika lugha nyingi duniani. Kwa Kiswahili cha vijana bebi ni mpenzi zaidi kuliko mtoto. Hata hivyo hakuna anayesikia bebishoo akafikiri ni shali ya mchumba, jambo linaloonyesha kwamba wasemaji hawalivunji neno vipande viwili.

Sehemu ya pili ina safari ndefu.

Shali iliyofika mara mbili

"Shawl" si neno la Kiingereza kwa asili. Limetoka Kiajemi, shāl, na kupitia lugha za Bara Hindi lilifika Uingereza katika karne ya 17, kwanza kama jina la vazi la watu wa mashariki. Shali zilizosifiwa zaidi zilifumwa Kashmir kwa manyoya laini ya mbuzi wa milimani. Manyoya hayo ndiyo yaliyotoa jina pashmina, kutoka neno la Kiajemi la sufu. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 wanawake wenye uwezo wa Ulaya waliipenda shali ya Kashmir kiasi kwamba viwanda vya huko vilianza kuiga. Mji wa Paisley, Uskoti, ulifuma shali za kuiga kwa wingi hadi lile ua la umbo la tone lililopinda, ambalo asili yake ni Uajemi na Kashmir, likaitwa kwa jina la mji huo. Ua hilo linajulikana vizuri Afrika Mashariki pia, kwa kuwa huchorwa kwenye kanga, ambako watu huliona kama korosho.

Shali iliposhuka bei ilitoka mabegani mwa matajiri ikaenda kwa kila mtu. Mama wa Kiingereza alimfungia mtoto wake ndani ya shali ya sufu iliyofumwa kwa mkono, na visiwa vya Shetland vilipata sifa kwa shali nyepesi za aina hiyo. Hapo ndipo "shawl" ilipounganishwa na "baby".

Kiswahili kilikuwa na neno hilo tayari. Shali ni neno la pwani la zamani, lenye asili ile ile ya Kiajemi, na Kiarabu pia kinalo. Biashara ya majahazi kati ya India, Ghuba, Oman na pwani ya Afrika Mashariki ndiyo iliyolileta, pamoja na bidhaa yenyewe. Oman hadi leo ni mahali ambapo kilemba cha heshima hufungwa kwa kitambaa cha sufu cha namna ya Kashmir, na ambapo shali ni pia jina la kitambaa cha kiunoni kinachofungwa pamoja na jambia.

Kwa hiyo neno moja la Kiajemi limefika Tanzania kwa njia mbili. La kwanza lilivuka Bahari ya Hindi na kuwa shali. La pili lilizunguka India na London, likashikamana na "baby", na kuingia kama shoo. Ndugu hawa wawili wanakutana leo katika duka moja la nguo, shali kwenye kamba ya nguo za wanawake na bebishoo kwenye rafu ya watoto, bila muuzaji wala mnunuzi kuhisi undugu wao.

Jambo hili si la ajabu katika Kiswahili. Shule iliyoletwa na Wajerumani na skuli ya Kiingereza inayosikika zaidi Zanzibar zina asili moja katika Kilatini. Kati ya nguo, pajama ni neno la Kiajemi lililopitia India na Kiingereza. Lina maana ya vazi la mguu. Kaki, rangi ya sare za shule na za askari, ni neno la Kiajemi la vumbi lililofika kwa njia hiyo hiyo. Suruali kwa upande wake ina mizizi ya Kiajemi lakini ilipitia Kiarabu, kama shali. Kabati la nguo la Mtanzania lina Uajemi mwingi kuliko anavyodhani.

Herufi l iliyopotea

Kinachohitaji maelezo zaidi ni umbo la neno. Sauti ya mwanzo ya "shawl" ipo katika Kiswahili, na irabu yake ndefu hugeuka o kama ilivyogeuka katika kozi, bodi na ripoti. Lakini l ya mwisho imeenda wapi?

Kwa kawaida Kiswahili hakiiachi. Huipa irabu ya kuegemea: hoteli, baiskeli, petroli, penseli. Kwa kanuni hiyo tungetarajia bebisholi. Maelezo ya kwanza ni kwamba neno lilikopwa kwa sikio na si kwa maandishi. Katika Kiingereza l inayokuja mwishoni baada ya irabu ndefu hutamkwa nyuma ya kinywa, hafifu, na sikio lililozoea l ya wazi ya Kiswahili linaweza lisiisikie. Maneno kama petroli yalionekana pia yameandikwa, kwenye pampu na kwenye makopo. Shali ya mtoto haina maandishi juu yake.

Maelezo ya pili ni mvuto wa neno jingine. Shoo, kutoka "show", tayari lilikuwa neno la kawaida la mjini kwa onyesho la muziki au burudani. Neno geni huegemea lile linalojulikana, na sholi isiyo na maana iliposikika karibu na shoo yenye maana, ya pili ilikuwa na nguvu. Maelezo haya mawili hayapingani, na huenda la kwanza lilifungua mlango na la pili likaufunga.

Urefu wa irabu nao una sababu. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na neno la kigeni lenye silabi moja tu hukosa pa kuuweka. Dawa yake ni kuirefusha irabu ihesabiwe mara mbili, kama katika baa. Ndivyo shoo ilivyopata o mbili, na mkazo wa bebishoo uko kwenye o ya kwanza kati ya hizo.

Si onyesho la mtoto

Kutokana na umbo hilo imezuka asili ya kubuni: kwamba bebishoo ni nguo ya kumwonyeshea mtoto kwa wageni. Maelezo hayo yana ladha, maana wageni wanapokuja kumtazama mtoto mama hufunua pembe ya kitambaa ili uso uonekane. Lakini ni maelezo yaliyotengenezwa baada ya neno, na tahajia "baby show" kwenye mabango imeyapa nguvu yasiyostahili.

"Baby show" kwa Kiingereza ni jambo halisi na la tofauti. Ni mashindano ambamo watoto wachanga hupimwa na kutazamwa, na aliyenawiri kuliko wenzake hupewa zawadi. Shindano la aina hiyo lilifanyika Springfield, Ohio, Marekani, mwaka 1854, na baadaye desturi ilienea hadi katika makoloni ya Uingereza, ambako ilitumika kuhimiza malezi yaliyotakiwa na watawala. Mtu anayetafuta bebishoo kwenye intaneti kwa tahajia ya bango la duka atapata picha za mashindano na maonyesho ya biashara. Akiongeza herufi mbili kimakosa atapata sherehe ya zawadi anayofanyiwa mjamzito, desturi ya Kimarekani ambayo sasa inajulikana pia katika miji ya Tanzania.

Wamarekani wenyewe hawatumii sana "baby shawl" kwa kitu hiki. Husema blanketi la kupokelea, yaani la kumpokea mtoto anapozaliwa. Kiingereza cha zamani kilikuwa na neno jingine la kuunganisha, "swaddling clothes", linalojulikana kwa wengi kutokana na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Kiini chake ni neno la kale la bendeji, kwa kuwa mtoto alizungushiwa vitambaa vyembamba akakazwa. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 hawakuingia katika ufundi huo. Walisema tu nguo za kitoto, na msomaji wa Kiswahili hakukosa kitu.

Handeni na Korogwe

Handeni na Korogwe ni wilaya jirani, na barabara ya lami ya kilomita 65 hivi inaunganisha miji yake mikuu. Korogwe iko kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, kwenye njia ya reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga na kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Handeni iko kusini zaidi, kwenye nchi ya Wazigua, na mji wake unaitwa pia Chanika. Kusini mwa Korogwe kuna Segera, ambapo barabara za Tanga, Dar es Salaam na Moshi hukutana. Bidhaa ya Kariakoo hupita hapo, na marobota ya mitumba pia, na jina la bidhaa husafiri pamoja nayo.

Lugha za wenyeji ni Kizigua, Kisambaa na Kibondei, pamoja na Kinguu upande wa Kilindi, ambayo ilikuwa sehemu ya Handeni hadi mwaka 2002. Wanaisimu huziweka lugha hizi nne katika kundi moja, Seuta, na kundi hilo ni jirani wa karibu wa lile la Sabaki ambalo Kiswahili ni mmoja wa watoto wake. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalileta wafanyakazi kutoka mbali, na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo katika mji mmoja mama anaweza kuzungumza na bibi yake Kizigua, na muuzaji Kiswahili, na kusoma kadi yake ya kliniki yenye maneno ya Kiingereza, yote kuhusu mtoto yule yule.

Lugha za hapa ziliandikwa mapema. Askofu Edward Steere alichapisha Zanzibar mkusanyo wake wa Kisambaa mwaka 1867, kabla ya kitabu chake mashuhuri cha Kiswahili cha mwaka 1870. Herbert Woodward alifuata kwa Kibondei mwaka 1882, na W. H. Kisbey wa misheni ya UMCA alitoa kamusi ya Kizigua na Kiingereza mwaka 1906. Waandishi hao walikuwa wanaume wa kanisa. Ni vizuri kulikumbuka hilo anapotafutwa neno la chumba cha uzazi katika vitabu vyao: mahali hapo hawakukaribishwa, na wakunga waliojua majina ya kila kitambaa hawakuandika kamusi.

Mbeleko

Neno ambalo bebishoo imekuta nyumbani ni mbeleko, kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni. Kwa mtazamo wa historia ya lugha ni neno la thamani kubwa, kwa sababu limehifadhi sauti ambayo kitenzi chake kimeipoteza.

Kitenzi hicho ni eleka, kumchukua mtoto mgongoni au kiunoni. Kiambishi o cha mwisho hutengeneza jina la kifaa au tokeo, kama fagia inavyozaa ufagio na ziba inavyozaa kizibo. Kwa hiyo mbeleko, au ubeleko kwa umbo la zamani, ni kifaa cha kueleka. Swali ni b imetoka wapi, kwani eleka haina b.

Jibu ni kwamba ilikuwa nayo. Katika Kiswahili b ya Kibantu cha kale ililegea ikawa w au ikapotea kabisa, isipokuwa ilipotanguliwa na m. Msomaji anaweza kuliona hili bila kufungua kitabu: watu wawili, lakini nguo mbili. Mzizi ni mmoja. W ya wawili ndiyo b ya mbili. Vivyo hivyo Wazulu husema bona pale Waswahili wanaposema ona. Eleka ilipoteza b yake kama ona, na mbeleko ikabaki nayo kwa kulindwa na m. Kisha umoja ukatengenezwa upya kwa kufuata wingi, ubeleko/mbeleko kama ubao/mbao. Siku hizi wengi hutumia mbeleko kwa umoja na wingi pia.

Ushahidi wa nje unakubaliana. Kichewa cha Malawi na Kishona cha Zimbabwe vina bereka, kubeba mgongoni, na mbereko kwa kitambaa chake. Kixhosa kina beleka. Kwa Wazulu na Waxhosa imbeleko ni ngozi ya mbuzi ya kubebea mtoto, na pia jina la ibada ya kumtambulisha mtoto kwa wahenga, ambayo mbuzi huyo huchinjwa. Katika Kichewa na Kitswana kitenzi hicho hicho kina maana ya kuzaa. Kiswahili kimetenganisha mambo hayo mawili, kuzaa na kueleka, lakini lugha dada zinakumbusha kwamba mgongo ulihesabiwa kuwa sehemu ya uzazi.

Kwa upande wa Maziwa Makuu na mlima Kenya mzizi ni mwingine. Kinyarwanda kina ingobyi na Kikikuyu ngoi kwa kibebeo cha mtoto, maneno yanayohusishwa na mzizi wa ngozi. Hapo kifaa kimepewa jina la malighafi yake. Kwenye mbeleko kimepewa jina la kazi. Ndiyo sababu jina mbeleko halikubabaishwa na mabadiliko ya kitambaa. Lilidumu kutoka ngozi hadi kaniki, kutoka kaniki hadi kanga na kitenge, na sasa linatumika hata kwa mikoba ya kubebea watoto yenye mikanda na vifungo vya plastiki.

Kilichofifia ni kitenzi. Mama wa Korogwe leo atasema nimembeba mtoto, si nimemweleka. Katika kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903 beba ilikuwa na maana finyu, kubeba mgongoni kitu kilicho ndani ya nguo, kama mtoto au furushi. Tangu hapo imepanuka hadi magari yanabeba abiria na meli zinabeba makontena. Eleka imebaki kwa wazee na washairi, na wanafunzi huichanganya na elekea na elekeza. Mfanano huo wa sauti usichukuliwe peke yake kuwa ushahidi wa undugu wa maana.

Mbeleko yenyewe ina uhai mwingine. Timu inayopendelewa na waamuzi inasemwa imebebwa na mbeleko, na wanasiasa huambiana hivyo hivyo. Pia kuna desturi ya ndoa ya pwani, ambamo mbali na mahari bwana harusi hutoa zawadi zenye majina ya nguo: kilemba kwa baba wa bibi harusi, mkaja kwa mama, jina la kitambaa alichojifunga tumboni baada ya kujifungua, na ubeleko, kwa ajili ya mgongo uliombeba binti. Siku hizi hulipwa kwa fedha, na kijana anayepewa orodha hiyo huenda asijue kwamba analipia vitambaa vya miaka ishirini iliyopita. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haifanyi ndoa kuwa batili kwa kukosekana zawadi za mila, lakini wazee wa ukoo wana hesabu yao.

Winda, nepi na pampasi

Upande wa chini wa mtoto una majina yanayobadilika haraka zaidi. Uwinda lilikuwa jina la nguo ya mtu mzima inayopitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa kiunoni. Kutoka hapo winda ikawa ya mtoto. Nepi ni Kiingereza "nappy", kifupisho cha "napkin", ambalo mzizi wake wa Kifaransa ni kitambaa cha mezani. Pampasi ni jina la biashara, Pampers, lililozinduliwa Marekani mwaka 1961. Sasa kila nepi ya kutupa ni pampasi, hata iliyotengenezwa na kiwanda kingine. Majina matatu, na kila moja lina bei yake: winda hukatwa kutoka kanga kuukuu, nepi hufuliwa na kuanikwa, pampasi hununuliwa tena kesho.

Katika orodha ya kujifungulia

Bebishoo husomwa kwa makini zaidi katika orodha ya vitu ambavyo mjamzito huambiwa aandae. Sera ya nchi inasema huduma za uzazi katika vituo vya serikali hazilipiwi, lakini nguo za mama na mtoto hutoka nyumbani. Orodha hizo huandikwa kwa haraka, kwa lugha mchanganyiko, na huzunguka kwa picha za simu. Aliyezoea maduka ya mjini ataelewa mara moja "baby show 2". Mama wa kijijini Handeni anayenunua kwa mara ya kwanza anaweza kuona neno la Kiingereza na kudhani ni kifaa cha hospitali kisicho na mbadala, wakati sanduku la bibi yake lina kanga za kutosha.

Kwa mtoto kinachohitajika si jina. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi, na hupotea upesi kwa sababu amezaliwa akiwa amelowa, hata katika joto la Korogwe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza akaushwe mara moja, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe, na asiogeshwe mpaka zipite saa 24. Kitambaa cha kumkaushia na kingine kikavu cha kumfunika vinatosha kazi hiyo, viwe bebishoo mbili au kanga mbili safi zilizofuliwa na kuanikwa juani. Kanga kuukuu ina faida moja juu ya bebishoo mpya: pamba yake inanyonya maji, ilhali polista huyasukuma kando.

Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo hubebwa kifuani kwa njia inayoitwa kangaruu, iliyoanzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Jina hili nalo huwachanganya watu. Kangaruu ni mnyama wa Australia, na neno lake limetoka lugha ya wenyeji wa huko; halina uhusiano na kanga, ambayo kwa maelezo ya kawaida imepewa jina la ndege mwenye madoadoa. Ila kitambaa kinachomshikilia mtoto kifuani katika wodi za Tanzania mara nyingi ni kanga kweli, na kwa kuwa kinambeba mtoto hakuna kosa kukiita mbeleko.

Pale orodha inapoandikwa kwa Kiswahili kamili, maneno yanayoeleweka na wote ni kitambaa cha kumkaushia mtoto na kitambaa cha kumfunika mtoto. Ni marefu kuliko bebishoo, lakini hayamtumi mtu dukani bila sababu.